Mitishamba, kompyuta na virusi: maswali mnayotuuliza kila siku hapa Kigoma

Tuko wanne: walimu wawili wa kemia, fundi maabara mmoja na kijana mmoja anayejua kompyuta kuliko sisi wote. Tunakaa Mwanga na Ujiji, na kazi hii ya kutafuta kwa kompyuta kemikali za mitishamba zinazoweza kuzuia virusi tunaifanya jioni na wikendi. Maswali haya tumeyaokota sokoni, msibani, kwenye magrupu ya WhatsApp na kwa waganga wenyewe. Kama jibu lako liko sehemu nyingine tutakutajia namba, usirukeruke sana ukapotea.

## Mambo ya msingi

1. Hivi mnafanya nini hasa? Kompyuta inapimaje majani?

Majani yenyewe kompyuta haiyagusi. Kinachoingia mle ni umbo la kemikali moja moja iliyomo kwenye mmea, umbo ambalo watafiti walishalipata maabara kwa kuuchuja huo mmea na kuandika atomu ipi imeshikana na ipi. Maumbo hayo yapo bure mtandaoni, hazina kubwa inaitwa PubChem, ilianza 2004 kule Marekani na leo ina kemikali zaidi ya milioni 100. Upande wa pili tunachukua umbo la protini ya kirusi, hilo linapatikana Protein Data Bank, iliyoanza 1971 na protini 7 tu, sasa zimepita 200,000.

Halafu programu inachukua ile kemikali inajaribu kuiingiza kwenye tundu la protini, inaigeuza, inaipinda, inaitoa, inairudisha, mara nyingi sana, na kila mkao inaupa maksi. Sisi wenyewe hiyo kazi tunaiita kudoki. Mwisho unapata orodha, hii imekaa vizuri, hii imekaa vibaya, na ile iliyokaa vizuri ndiyo ya kupelekwa maabara kwanza.

2. Kirusi si kidudu kidogo tu, kina tundu gani la kuingizwa kitu?

Chukua mfano wa kirusi cha korona. Kikishaingia kwenye seli yako kinailazimisha seli itengeneze protini zake, lakini zinatoka zikiwa zimeungana kama mkungu mzima wa ndizi, na mkungu mzima hauingii kwenye sufuria, lazima uwe na panga la kukata vichane. Kirusi kina panga lake, ni enzaimu, yaani protini inayofanya kazi maalumu, yenye amino asidi 306 (vile vipande vinavyounganishwa kujenga protini), inayokata huo mkungu sehemu 11. Bila panga hilo hakizaliani.

Kwenye makali ya panga kuna sehemu mbili ndogo zinazofanya kazi ya kukata, amino asidi namba 41 na namba 145. Sasa ukipata kemikali inayoingia pale ikaziba, kama ala inavyoziba makali ya panga, basi kirusi kimekwama. Picha ya panga hilo iliwekwa wazi kwa dunia nzima Februari 2020 kwa jina 6LU7, na ndiyo tuliyojifunzia. Dawa ya Paxlovid iliyoruhusiwa Marekani Desemba 2021 inafanya kazi hapohapo, kwa hiyo tundu hili si la kufikirika, limeshathibitishwa kwa wagonjwa.

Virusi vingine vina mapanga yao na milango yao. VVU anayo enzaimu ya kukata pia, mafua ya influenza yana enzaimu inayosaidia virusi vipya kujinasua kwenye seli.

3. Kwa nini msiende maabara moja kwa moja?

Pesa. Mmea mmoja una kemikali nyingi sana, kununua kemikali moja safi tu, hata miligramu chache, ni gharama kubwa kwa watu kama sisi, na kirusi cha korona huwezi kukiotesha hovyo, inatakiwa maabara yenye ulinzi wa hali ya juu. Kompyuta inapunguza orodha. Ndiyo faida yake kubwa, na kwa kweli ndiyo faida yake pekee.

4. Mbona maksi zenu zote ni za hasi? Minus nane ni kufeli?

Hapana, hapa hasi kubwa ndiyo nzuri. Ni makadirio ya nishati, kwa kilokalori kwa moli, kemikali ikishikamana na protini nishati inashuka, inaposhuka zaidi ndivyo inavyodhaniwa kushika zaidi.

Ila tafadhali msishindanishe namba zilizokaribiana. Watu wanatuletea makala, "mmea wetu umepata hasi 8.1 umeishinda dawa ya hospitali yenye hasi 7.4", wanashangilia. Programu tunayotumia, AutoDock Vina, watengenezaji wenyewe walipoitoa 2010 waliandika kuwa inakosea kwa wastani wa kama kilokalori 2.85. Na tofauti ya kilokalori 1.4 hivi peke yake ni sawa na nguvu ya kushika kuzidishwa mara kumi. Yaani kosa la programu ni kubwa kuliko huo ushindi. Hasi 8.1 na hasi 7.4 kwetu ni kemikali mbili zinazostahili kupimwa, basi.

## Mimea yetu

5. Mmeshaangalia mimea gani?

Tulianza na ile ambayo kila nyumba inaijua: mwarobaini, mlonge, mkwaju, manjano, tangawizi, shubiri. Tulianza nayo kwa sababu kemikali zake zimeshachambuliwa na wengine. Kwa mimea ya Afrika Mashariki ipo hazina moja ya bure inaitwa EANPDB, ilitoka 2020, ina kemikali kama 1,870 kutoka mimea na viumbe wa ukanda wetu. Ukifungua ukaona mmea uliochimbiwa kwa bibi yako umeandikwa pale na umbo lake limechorwa, unajisikia vizuri sana, nasema ukweli.

Kilichotusumbua ni mimea ambayo waganga wa Kasulu na Uvinza wanaiheshimu kupita yote, hiyo haina chochote mtandaoni. Hakuna aliyeichuja. Kompyuta haiwezi kupima umbo ambalo halijachorwa, na hapo ndipo watu wanapokosea wakidhani kazi hii inaanzia kwenye kompyuta. Inaanzia kwa mganga na maabara ya kemia, sisi tuko katikati.

6. Ni kweli sokwe wa Mahale ndio walioonyesha dawa?

Nusu ya kweli, na nusu iliyobaki watu wanaisahau. Novemba 1987 kule Mahale mtafiti Michael Huffman alikuwa anamfuatilia sokwe jike aliyeitwa Chausiku, mgonjwa, amelegea, hana hamu ya kula. Chausiku akavunja tawi la mti mchungu, akamenya ganda na majani akatupa, akatafuna kiini cha ndani cha shina akafyonza maji yake. Kesho yake mchana akawa amepata nafuu. Sasa aliyemwambia Huffman kwamba ule ni mjonso, ni dawa, na Watongwe wanautumia kwa tumbo na homa, ni Mohamedi Seifu, Mtongwe, mjuzi wa miti, aliyekuwa naye porini. Makala ya kwanza ya 1989 wameiandika wote wawili.

Baadaye wanakemia wa Japani wakauchambua mjonso, jina la kisayansi *Vernonia amygdalina*, wakakuta kwenye kiini kuna kemikali waliyoiita venoniosaidi B1, na kwenye majani na ganda kuna nyingine kali zaidi, venodalini, yenye sumu ikizidi. Yaani Chausiku alikuwa anatupa sehemu ya hatari na kutafuna sehemu yenye nafuu. Kazi hiyo ilikuwa ya minyoo, haikuwa ya virusi, lakini somo ni lilelile: mtu akikuuliza "mjonso unatibu?" muulize sehemu gani ya mjonso.

7. Kwa nini mnang'ang'ania tawi lenye maua na jina la kisayansi? Jina la kwetu halitoshi?

Jina la kwetu tunaliandika la kwanza, halafu la kisayansi. Tunayahitaji yote mawili kwa sababu ya kilichotupata. Mzee mmoja wa Ujiji alituletea gamba la mti limefungwa kwenye kipande cha kanga, akatutajia jina kwa Kiha, tukaandika. Wiki mbili baadaye mama mmoja kutoka upande wa Kasulu akaleta dawa yake, jina lilelile, matumizi karibu yaleyale. Tukaweka mezani pamoja. La mzee lilikuwa jekundu ndani, linaacha utomvu unaonata kidoleni. La mama lilikuwa la njano, kavu, lina harufu kama ya haradali. Miti miwili tofauti kabisa na wote wawili walikuwa sahihi kwa kijiji chao.

Kama tungeingiza jina hilo moja mtandaoni tungechukua kemikali za mti mmoja tukampa sifa mwingine. Ndiyo maana tunaomba tawi lenye jani na ua au tunda, likandamizwe kwenye gazeti likauke, ili likalinganishwe na sampuli zilizohifadhiwa, kuna hifadhi ya taifa ya mimea Arusha na nyingine Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Gamba au unga peke yake, mtaalamu gani atautambua?

8. Mganga anachanganya mizizi mitatu anachemsha, nyie mnapima kemikali moja moja. Si mmeshaiharibu dawa?

Swali hili waganga wanatuuliza kwa hasira kidogo na wana haki. Kudoki kunapima kemikali moja ikiwa peke yake mbele ya protini moja. Hakujui kuchemsha, hakujui kuchanganya, hakujui kwamba magadi yaliongezwa. Zipo kemikali zinazozaliwa kwenye moto na zipo zinazokufa.

Mfano mkubwa duniani ni atemisinini ya malaria. Tu Youyou wa China na wenzake, mwanzoni mwa miaka ya 1970, walikuwa wanachemsha ule mmea wa Kichina na dawa haitokei vizuri, mpaka aliporudi kwenye maandishi ya zamani ya mganga Ge Hong akaona imeandikwa uloweke kwa maji ukamue, kuchemsha hakukutajwa. Akatumia etha, ambayo inachemka kwa joto dogo, ikakubali. Akapewa Nobeli 2015. Siri ilikuwa kwenye maelezo ya matayarisho. Kwa hiyo tukija kwako na daftari tukauliza maji kiasi gani, sufuria ya nini, unachemsha mpaka lini, usione tunakuchunguza, hayo ndiyo yatakayomsaidia mtu wa maabara.

## Kompyuta na programu

9. Nina kompyuta ya kawaida tu, naweza kufanya?

Unaweza. Sisi tunatumia ya mtumba yenye ram ya GB 8. AutoDock Vina ni ya bure, programu za kuangalia maumbo za bure pia zipo, kemikali moja inachukua dakika chache, nyingi unaziacha usiku. Bando linalohitajika ni dogo maana faili la protini ni dogo kuliko picha za harusi unazotumiwa. Umeme ukikatika katikati unaendelea ulipoishia ilimradi umeandika vizuri orodha yako.

Kujifunza ndiko kunachukua muda. Mtu wa kidato cha sita cha PCB akikaa nasi miezi kadhaa anaelewa anachofanya. Kubonyeza tu anaweza kwa siku mbili, na huyo wa siku mbili ndiye tunayemwogopa, soma namba 10.

10. Mnajuaje kama kompyuta haijawadanganya?

Ngoja niwasimulie. Mwaka wa kwanza tuliandaa viambato zaidi ya mia, tukaweka kisanduku, yaani lile eneo unaloiambia programu itafute humo, tukaacha inaunguruma usiku kucha kwenye meza ya sebuleni. Asubuhi maksi nzuri tupu, hasi 7, hasi 8, tukapigiana simu. Yule kijana wetu akafungua picha moja aangalie kemikali imekaaje, akanyamaza, akafungua nyingine. Zote zilikuwa zimeng'ang'ania mgongoni mwa protini, mbali na makali ya panga. Tulikosea namba moja ya kisanduku. Programu haikulalamika hata kidogo kwa sababu yenyewe ukiipa eneo lolote itatafuta kashimo kokote na kutoa maksi. Haijui kusema "hapa si penyewe".

Tangu siku hiyo kabla ya mmea wowote tunafanya jaribio la kurudisha. Unachukua picha ya protini iliyopigwa ikiwa na kemikali yake ndani, unaitoa ile kemikali, unaiambia programu irudishe. Ikiirudisha karibu na ilipokuwa, tofauti isizidi angstromu 2 (angstromu ni kipimo kidogo sana cha urefu, karibu na upana wa atomu), basi mipangilio inaaminika. Isiporudisha hakuna haja ya kuendelea.

Na hapo pia kuna mtego ambao watu wengi waliotumia 6LU7 waliukanyaga. Kemikali iliyomo kwenye ile picha imejifunga kwa kifungo cha kudumu na ile namba 145, imeungana nayo kikemia. Vina ya kawaida haijui vifungo vya namna hiyo. Kwa hiyo jaribio la kurudisha kwa picha hiyo linaweza kufeli bila kosa lako, tafuta picha nyingine ya panga hilohilo yenye kemikali iliyokaa bila kujifunga.

Jambo la pili, changanya na kemikali ambazo unajua hazifanyi kazi. Kama nazo zinapata maksi za juu, ujue mzani wako unampendelea kila mtu.

11. Mbona kila makala mshindi ni rutini au kwesetini? Ndizo dawa kweli?

Hizi ni kemikali zilizomo kwenye mimea mingi. Rutini inaongoza kwa sababu ni kubwa. Maksi zinajumlishwa kwa kila sehemu kemikali inapogusana na protini, mwenye mwili mkubwa anagusa kwingi. Uzito wake wa molekuli ni kama 610, kwesetini ni 302. Rutini ni kwesetini iliyobeba sukari mbili mgongoni, na ukiinywa bakteria wa tumboni wanaikata hizo sukari, inayofika kwenye damu wala siyo ile uliyoidoki. Dawa ya kumeza kwa kawaida haipendi kuzidi uzito wa 500, hiyo ni moja ya kanuni za mtafiti wa dawa Lipinski za 1997, zina ubaguzi wake lakini zinasaidia. Azadirakitini ya mwarobaini ina 720, nayo inang'aa kwenye maksi kwa sababu hiyohiyo. Gawanya maksi kwa idadi ya atomu, ukiacha haidrojeni, utaona safu inavyobadilika.

Kwesetini na kukumini ya manjano zina tatizo jingine. Ni kemikali zinazojifanya zinafanya kazi karibu kwenye kila kipimo cha maabara, zinanata hovyo, zinaharibu protini bila kuilenga. Watafiti wa dawa waliandika orodha ya tabia hizi mwaka 2010 na aina hizi za kemikali zimo. Kukumini imeingizwa kwenye majaribio ya binadamu zaidi ya 120 kwa magonjwa mbalimbali, na wakemia walioyapitia mwaka 2017 hawakupata hata moja lililofanywa kwa udhibiti kamili likafaulu. Manjano iweke kwenye pilau kwa amani kabisa, ila tukiiona juu ya orodha hatushtuki.

12. Ikiwa kirusi ni kipya na protini yake haijapigwa picha?

Siku hizi kuna AlphaFold, akili mnemba inayokisia umbo la protini kutoka kwenye mpangilio wake wa amino asidi, imetoa makisio zaidi ya milioni 200 na waliohusika, Demis Hassabis na John Jumper, walikuwemo kwenye Nobeli ya kemia 2024. Inasaidia. Lakini tundu la kuingiza dawa ni sehemu ndogo sana na mkono mmoja wa amino asidi ukikaa vibaya kidogo maksi zote zinabadilika, kwa hiyo matokeo yake tunayaandika kwa penseli.

## Kutoka kwenye kompyuta mpaka kwa mgonjwa

13. Mmea wetu umepata maksi za juu. Naweza kuanza kunywa?

Hapana. Tunaomba sana. Maksi za juu maana yake ni "kipimwe", hazina maana ya "kinywewe". Kompyuta haijapima figo zako wala ini lako wala mimba yako.

Mwaka jana mama mmoja alinijia na simu, kaonyeshwa picha ya matokeo yetu wenyewe, mtu kaipiga picha kwenye kikao akaisambaza na maneno "imethibitishwa na wataalamu", na yule mama alikuwa ameshamnywesha mwanaye siku tatu badala ya kumpeleka kituo cha afya. Mtoto alipona, alikuwa na malaria, alipewa dawa. Lakini toka hapo kila ukurasa wa matokeo yetu unaandikwa juu kwa herufi kubwa kwamba hii siyo dawa, na mwenye kuona picha yetu inazunguka bila maneno hayo atuambie.

14. Sasa baada ya kompyuta kinafuata nini?

Kwanza kompyuta tena, safari hii unaitikisa protini. Kudoki kunatumia protini iliyoganda wakati protini halisi inacheza muda wote, kuna programu za bure kama GROMACS zinazoigiza mtikisiko huo, mara nyingi kwa nanosekunde 100 (nanosekunde ni sekunde moja ikigawanywa mara bilioni), ili kuona kama kemikali inabaki au inadondoka. Kazi hiyo kompyuta yetu haiiwezi, tunaomba msaada vyuoni. Halafu unakisia kama kemikali itafyonzwa tumboni, SwissADME ya Uswisi inafanya bure.

Kisha maabara. Kemikali safi mbele ya enzaimu kwenye chupa. Kisha seli hai zenye virusi, na hapa zinatafutwa namba mbili, kiasi kinachozuia nusu ya virusi na kiasi kinachoua nusu ya seli. Zikikaribiana umepata sumu, maana seli ikifa na virusi ndani vinakufa. Kisha wanyama, kisha watu wachache, kisha wengi.

Kila ngazi inaangusha wengi. Klorokwini tunaijua wote, tuliimeza utotoni. Ndugu yake haidroksiklorokwini ilizuia korona kwenye seli za figo za tumbili, kwenye seli za mapafu ya binadamu ikashindwa, na Uingereza mwaka 2020 walipoipima kwa wagonjwa kwa kulinganisha, jumla zaidi ya 4,700, haikupunguza vifo. Aivamektini, ile inayogawiwa kwa ajili ya matende na mabusha, ilizuia korona kwenye chupa kwa kiwango ambacho damu ya mtu aliyemeza dozi ya kawaida haikifikii hata kwa mbali. Hizo ni dawa zilizofaulu chupani kabisa. Zetu bado ziko kwenye skrini.

15. Kuna dawa yoyote ya virusi iliyotoka kwenye mmea ikafika hospitali?

Ipo, chache. Mafuta ya kupaka ya majani ya chai ya kijani yaliruhusiwa Marekani 2006 kwa ajili ya masundosundo, vile vinyama vya sehemu za siri vinavyoletwa na kirusi cha HPV. Oseltamiviri ya mafua, ya 1999, ilibuniwa kwa kuangalia umbo la enzaimu ya kirusi, halafu malighafi yake ikatoka kwenye tunda la kiungo cha Kichina, anisi ya nyota, ingawa ukilitafuna tunda lenyewe halizuii mafua. Kuna kalanolaidi A iliyotoka kwenye mti wa Sarawak, Malaysia, mwaka 1987, ilionyesha nguvu dhidi ya VVU na mpaka leo haijawa dawa ya kununua. Karibu miaka arobaini. Anayekuahidi miezi sita mwambie hilo.

16. Natumia ARV, naweza kuongeza mitishamba?

Kabla hujaongeza chochote mwambie mhudumu wako wa CTC (kliniki ya VVU), mtajie jina la mmea bila aibu. Hata kitunguu saumu cha kidonge kilishapimwa kikaonekana kushusha dawa moja ya zamani ya VVU, sakwinaviri, kwa karibu nusu kwenye damu. Dolutegraviri ya sasa nayo hainyonywi vizuri ukiimeza pamoja na vidonge vya madini ya chuma au kalsiamu tumbo likiwa tupu. Usiache ARV kwa ajili ya namba yoyote iliyotoka kwenye kompyuta ya mtu.

17. Ebola huibuka ng'ambo ya ziwa, Marburg imeshawahi kufika Kagera. Hamna kitu?

Tunaelewa hofu, boti za Kongo zinatia nanga Kibirizi hapo, na Machi 2023 Marburg ilitangazwa Kagera, ikarudi tena Januari 2025. Kwa Ebola aina ya Zaire zipo dawa mbili za kingamwili zilizoidhinishwa Marekani 2020. Marburg haina iliyoidhinishwa. Kutoka kwetu hamna kitu cha kumpa mgonjwa. Mwenye homa na kutoka damu apelekwe hospitali na asishikwe mikono mitupu, na waganga tunawaomba kwa heshima yote wasimchanje wala kumkanda, maana mganga ndiye anayeanza kuambukizwa na tunawahitaji hai.

## Haki na vibali

18. Mtatuibia dawa yetu?

Wasiwasi huu una msingi. Mwarobaini huuhuu, 1994 ofisi ya hataza ya Ulaya (hataza ni patent, haki ya kumiliki uvumbuzi) iliwapa Wizara ya Kilimo ya Marekani na kampuni moja hataza ya kutumia mafuta yake kuua ukungu wa mimea. Wahindi na marafiki zao wakapinga, ikafutwa 2000, rufaa ikatupwa 2005. Manjano kuponya vidonda nayo ilipewa hataza Marekani 1995, ikafutwa 1997. India ilishinda kwa sababu kulikuwa na maandishi ya zamani na mashahidi wa kuonyesha kwamba hili jambo si jipya.

Ya kwetu yako vichwani. Kwa hiyo tunachofanya, kila tunachoambiwa kinaandikwa kwenye daftari, tarehe, jina la aliyesema kama anataka litajwe, sahihi au dole gumba, nakala moja anabaki nayo yeye. Na tunamweleza ukweli unaouma pande zote: siri ikitangazwa hadharani mgeni hawezi tena kudai kaivumbua yeye, lakini na wewe huwezi tena kuiombea hataza. Aamue mwenyewe. Wapo waliotuambia tuandike ila tusitangaze, na hatujatangaza.

19. Kibali kinahitajika?

Kudoki kemikali zilizoko mtandaoni hakuhitaji kibali cha mtu. Ukianza kukusanya mimea na maarifa kwa utafiti nenda COSTECH, yaani Tume ya Sayansi na Teknolojia, ukigusa binadamu lazima kibali cha maadili, NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, wanashughulikia. Mganga naye anasajiliwa Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala kwa sheria namba 23 ya 2002. Msimpe mgeni kifurushi cha mizizi asafiri nacho bila makubaliano ya maandishi.

## Maswali magumu

20. Kompyuta imesema hakuna kitu, mganga anasema ameponya watu. Nani mkweli?

Wanaweza kuwa wakweli wote. Sisi tumepima panga moja la kirusi, labda dawa inaziba mlango mwingine. Labda kemikali yenyewe haimo kwenye orodha yetu (namba 5). Labda inazaliwa baada ya kuchemshwa au ini likiibadilisha. Labda haigusi kirusi kabisa bali inashusha homa, inatoa makohozi, mgonjwa analala, anakunywa maji, na mwili unamaliza kazi wenyewe, na hiyo ni nafuu ya kweli kwa mtu anayeumwa. Na labda mgonjwa angepona tu, maana mafua mengi na korona nyingi zinaisha zenyewe, mganga anawakumbuka waliorudi kushukuru, wasiorudi hakuna anayejua waliko.

Kutenganisha haya kunataka wagonjwa wahesabiwe wote, waliopona na wasiopona. Mzee wa Ujiji wa lile gamba jekundu tulimweleza hivyo, akakaa kimya muda. Wiki iliyofuata akaja na kijitabu cha shule cha mjukuu wake, kamwandikisha mjukuu: tarehe, homa siku ngapi, kapewa nini, karudi au hakurudi. Kurasa nne zimejaa. Kwenye mistari mitano kaandika "sijui", na karibu na kila "sijui" kaweka jina la mtaa anaokaa yule mgonjwa ili akamtafute.